Uchambuzi wa kisa: Mwezi gani wa kumpeleka Bibi Orlando?

Familia ninayoieleza hapa ni ya Watanzania wanaoishi katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani. Majina nimeyaacha, mji siutaji, na umri wa watoto nimeusogeza kidogo. Mimi ni rafiki wa nyumba hiyo na ndiye niliyeombwa kusaidia kutafuta tarehe ya kumpeleka bibi wa watoto Disney, huko Orlando, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo ni yangu. Nayaandika kwa sababu nimeziona familia nyingine za Waswahili huku zikiyapitia yaleyale, hatua kwa hatua.

Waliokuwa wakisafiri

Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Wana watoto watatu, ambao nitawaita Mkubwa (miaka 13), wa Kati (9) na Mdogo (4). Wa sita ni Bibi, mama yake Baba, mkazi wa Tanga, mwenye miaka 68. Ana presha inayodhibitiwa kwa dawa, na magoti yanayomsumbua zaidi akisimama mahali pamoja kuliko akitembea. Hilo la kusimama nilielezwa tangu mwanzo na sikulipa uzito.

Bibi aliwasili katikati ya Juni 2024. Uwanja wa ndege alipewa ruhusa ya kukaa miezi sita, yaani hadi katikati ya Desemba, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 10 Desemba. Mwaka mzima kabla ya hapo wajukuu walikuwa wakimwambia kwenye simu, "Bibi ukija tunakwenda Disney." Walimaanisha Walt Disney World iliyoko karibu na Orlando, Florida, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na ambayo sasa ina bustani nne kubwa za burudani. Ahadi kwa mzazi ni deni, na Baba aliichukua hivyo.

Kutoka kwao hadi Orlando ni kama kilomita 1,500, saa 15 barabarani bila kuhesabu mapumziko. Nauli ya ndege kwa watu sita haikuwezekana, kwa hiyo tangu mwanzo safari ilikuwa ya gari.

Swali tuliloanza nalo

Tulikaa mezani Aprili, wiki moja baada ya Idi, Bibi akiwa bado Tanga. Swali letu lilikuwa ni lini pana watu wachache na bei iko chini. Ni swali ambalo kila mtu huanza nalo, na majibu yake yanafahamika vizuri.

Bustani hizi hujaa kwa kufuata kalenda ya shule za Marekani. Kilele ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Halafu kuna mapumziko ya majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Pasaka. Wiki ya Siku ya Marais mwezi Februari. Juni hadi mwanzoni mwa Agosti. Na wiki ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Shule za Florida hufunguliwa mapema, karibu na tarehe 10 Agosti, na kuanzia hapo foleni huanza kupungua. Septemba ndio mwezi mtulivu kuliko yote. Nafasi nyingine ni katikati ya Januari, vipande vya Oktoba na Novemba, na siku kumi za kwanza za Desemba. Bei nayo hufuata mkondo huohuo. Tangu 2018 tiketi huuzwa kwa tarehe, na mwaka 2024 tiketi ya siku moja kwa mtu mzima ilianzia dola 109 siku tulivu hadi dola 189 siku ya kilele. Mtoto akishatimiza miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima. Wa Kati alikuwa anakaribia kutimiza kumi, na hilo peke yake lilimfanya Mama asitake safari ivuke mwaka.

Kwa kuwa Bibi angekuwepo Juni hadi Desemba tu, tulibaki na Julai, Septemba, Oktoba na mwanzoni mwa Desemba.

Septemba niliipigia debe mimi. Foleni fupi, bei ya chini. Mama akaikataa kwa sababu watoto wangekuwa wamefungua shule majuma machache tu yaliyopita. Baba alitaka Julai: shule zimefungwa na likizo yake imeshakubaliwa kazini. Nilipotaja joto la Florida, tulijibiana mezani, mimi nikiwemo, kwamba joto Bibi analijua, ametoka Tanga. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wiki ya tatu ya Julai ikaandikwa.

Jumamosi moja ya Julai

Mama ndiye aliyetoa wazo la kujaribu. Ohio nayo ina bustani za michezo, hivyo kabla ya kununua tiketi za Florida alipendekeza tumpeleke Bibi kwenye mojawapo siku moja, tumwone. Hadi leo nauona huo ndio uamuzi bora uliofanyika katika kisa kizima.

Tulifika saa nne asubuhi, nyuzi joto zikiwa zinakaribia 30. Hadi saa saba mchana zilikuwa zimevuka 33 na hakukuwa na upepo. Watoto walitaka bembea moja kubwa iliyokuwa na foleni ya dakika 70. Bibi akasema atakaa nao, asiwaache wajukuu. Alisimama. Nilikuwa nyuma yake, nikaona anavyohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kisha anashika chuma cha uzio, kisha anakiachia kwa sababu kimeungua jua. Khanga ya kichwani ilikuwa imelowa hadi mstari wa maandishi haukusomeka. Hakulalamika hata mara moja. Wazee wetu wa pwani hawamlalamikii mwenyeji wao, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ukisubiri aseme "nimechoka" umeshachelewa.

Mdogo ndiye aliyevunja safari. Alilia hadi akalala, Bibi akakaa naye kwenye gari lililowashwa kiyoyozi, na wengine tukafuata nusu saa baadaye. Jioni presha ya Bibi ilipopimwa ilikuwa juu kuliko kawaida yake. Ikashuka usiku.

Kesho yake, akinywa chai, Mama alimwuliza, "Mama, kwani Tanga hakuna joto kama hili?" Bibi akamjibu, "Lipo mwanangu. Lakini saa saba mimi niko kwenye mkeka, kibarazani. Nani anatembea saa saba?"

Jibu hilo lingetutosha tangu Aprili kama tungemwuliza.

Kuhamia Oktoba

Julai ikafutwa. Nyumba ya kupanga karibu na bustani ilikuwa bado ndani ya muda wa kurudishiwa fedha, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Baba alifanikiwa kusogeza likizo yake.

Tulichagua Oktoba: kuondoka Jumatatu jioni tarehe 7, bustani kuanzia Jumatano tarehe 9 hadi Jumamosi, kurudi mwisho wa wiki. Jumatatu ya tarehe 14 ilikuwa sikukuu ya taifa, hivyo watoto wangekosa siku chache tu za shule. Joto la mchana Orlando mwezi huo huwa limepungua, kama nyuzi 29 au 30, na mvua za radi za alasiri zinazonyesha karibu kila siku ya kiangazi huwa zinaelekea ukingoni. Nilijivunia chaguo hilo.

Mwenye nyumba alikuwa na bei mbili, moja ya kawaida na nyingine nafuu isiyo na marejesho. Tofauti ilikuwa kama dola 150. Mama aliniuliza achukue ipi. Nikamwambia nafuu, kwa kuwa tarehe tumeshazipiga msasa na hazibadiliki tena. Majira ya vimbunga Florida huanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na miezi mikali ni Agosti hadi Oktoba. Nililijua hilo kama mtu anavyojua jambo la kitabuni. Sikuliweka mezani siku ya kulipa.

Milton

Jumatatu tarehe 7 Oktoba, mabegi yakiwa mlangoni, kimbunga Milton kilichokuwa kwenye Ghuba ya Meksiko kilipanda hadi daraja la tano, lililo la juu kabisa, ndani ya muda mfupi mno. Njia yake ilionyesha kinaikata Florida kutoka magharibi kwenda mashariki, na Orlando imo katikati.

Mama bado alitaka kuondoka. Hoja yake ilikuwa na uzito: Orlando ipo ndani, mbali na bahari, fedha zimeshalipwa, bustani haijatangaza kufunga, na Bibi amebakiza miezi miwili tu. Baba alikataa. Tangu asubuhi alikuwa anaongea na madereva wenzake waliokuwa Florida, wakimweleza magari yanavyotambaa kwenda kaskazini na vituo vya mafuta vinavyokauka. Alisema maneno ambayo nimeyaandika nilivyoyasikia: "Nikikwama mimi na lori, nimekwama mimi. Nikikwama na mama yangu na dawa zake za wiki moja, hilo sifanyi." Akaweka kikomo: saa kumi na mbili jioni, taarifa ya kimbunga isipobadilika, mabegi yanarudi ndani. Haikubadilika.

Milton kiliingia nchi kavu usiku wa tarehe 9 karibu na Siesta Key, pwani ya magharibi ya Florida. Disney ilifunga bustani zake alasiri ya siku hiyo, ikashinda imefungwa tarehe 10, ikafungua tena tarehe 11. Siku mbili za mwanzo za familia zingekuwa za kujifungia ndani ya nyumba ya kupanga katikati ya dhoruba.

Tiketi za bustani zilisogezwa mbele kwa kulipa tofauti ya bei ya tarehe mpya. Nyumba haikurudishwa hata senti. Mwenye nyumba alisimamia mkataba, na mkataba ndivyo ulivyosema. Zaidi ya dola 600 zikaenda. Kwa dereva na mhudumu wa wazee, hizo ni siku nyingi za kazi, na mimi ndiye niliyesema "chukua nafuu."

Desemba, na namna tulivyouliza safari hii

Tulipokaa tena, katikati ya Oktoba, hakuna aliyefungua kalenda ya msongamano. Baba aliandika kwenye karatasi saa ambazo Bibi anaweza kuwa nje kwa raha: saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha labda tena jioni, asisimame zaidi ya dakika 20 kwa mkupuo. Mdogo naye, tulipomwandika, saa zake zilikuwa zilezile. Kisha tukauliza ni wiki ipi, kati ya zilizobaki, ambayo saa hizo tano za asubuhi zinatosha kuona mambo ya maana.

Ikabaki wiki inayoanza 1 Desemba. Majira ya vimbunga yamekwisha. Mchana Orlando huwa nyuzi 23 hivi. Sikukuu ya Shukrani ilikuwa tarehe 28 Novemba, na baada yake umati huondoka. Walishuka kusini wakati magari ya wengine yamejazana upande wa kurudi kaskazini. Mapambo ya Krismasi yanakuwa yameshawekwa. Hatari ilikuwa moja kubwa: Bibi ana ndege tarehe 10, hakuna nafasi ya kuahirisha tena. Safari hii nyumba ilichukuliwa kwa bei ya kawaida, yenye marejesho.

Walinunua siku mbili tu za bustani badala ya nne, na siku nzima ya kupumzika katikati. Kiti cha magurudumu walikodi nje ya bustani kwa wiki nzima. Bibi alikikataa katakata. "Mimi si mgonjwa." Hakuna aliyebishana naye. Lango la bustani Mdogo akaomba kubebwa, Baba akamwambia, "Nenda kwa Bibi akupakate," na Bibi akakaa kitini ili ampakate mjukuu. Hakukishuka hadi saa sita isipokuwa alipotaka mwenyewe. Niongeze hapa kwamba kiti hicho hakimrushi mtu foleni; mara nyingi unapita foleni ileile na wenzako. Faida yake ni kwamba unaingoja ukiwa umekaa, na kwa magoti ya Bibi hiyo ilikuwa faida yote iliyohitajika.

Siku ya kwanza ilikuwa Animal Kingdom, mojawapo ya zile bustani nne, iliyofunguliwa mwaka 1998, kwa sababu hufungua mapema na wanyama huonekana vizuri zaidi asubuhi. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta za chokaa zilizobanduka, milango mizito, vibao vya maduka. Bibi alianza kusoma vibao kwa sauti kama anamfundisha Mdogo. "Tamu Tamu." "Dawa Bar." Alipofika kwenye jina la kijiji akasimamisha kiti. "Harambe. Hii e nyingine wameipeleka wapi?" Wa Kati, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini huona haya kukisema, akamwuliza maana yake, na hapo pembeni ya njia, watu wakipita na vikombe vyao vya kahawa, Bibi akamwonyesha watu wanavyovuta kamba pamoja, mikono yote miwili, "haraa-mbee!" Wa Kati akaitikia. Baba alinitumia sauti ile kwenye simu. Ninayo bado.

Kisha wakapanda gari la wazi la safari. Twiga alikatiza mbele, gari likasimama. Bibi alikaa kimya muda mrefu, halafu akamwambia mwanawe, "Miaka sitini na minane nchi ya twiga, na twiga nimekuja kumwonea huku."

Saa saba walikuwa wameshatoka.

Siku ya pili ilikuwa Magic Kingdom, nyingine kati ya zile nne, nao walichagua kwa makusudi siku yenye sherehe ya Krismasi ya jioni. Siku hizo mwenye tiketi ya kawaida hutolewa saa kumi na mbili jioni, na wageni wengi huzikwepa wakiona wanapunjwa saa. Kwa familia inayotoka saa saba, saa zinazokatwa si zake, na mchana hubaki na nafasi zaidi.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuuliza kuhusu bustani kabla ya kuuliza kuhusu watu. Kalenda ya msongamano inamjibu mtu mwenye miguu mizima atakayekaa ndani saa 12. Kwake Septemba ni nzuri kweli. Kwa Bibi, saa tano za Desemba zenye watu wa wastani zilimpa zaidi ya ambavyo saa 12 za Septemba tupu zingempa. Tungeandika zile saa zake Aprili, Julai isingeandikwa kabisa.

Hoja ya "ametoka Tanga" inastahili kutazamwa peke yake kwa sababu naisikia kila mahali. Anayeishi kwenye joto huishi nalo kwa kulikwepa: kazi alfajiri, kivuli mchana, upepo wa jioni. Bustani ya burudani inapindua mpango huo wote na kumtembeza juu ya lami saa ile ambayo maisha yake yote amekuwa amelala. Uzoefu wake ni wa kujua saa ya kujificha, nasi tukaufanya hoja ya kumtoa nje.

Kuhusu Oktoba, sikubaliani na wale walioniambia baadaye kwamba lilikuwa chaguo baya. Miaka mingi wiki ile hupita bila dhoruba yoyote. Kosa lilikuwa kufunga mlango wa marejesho ndani ya majira ya vimbunga. Dola 150 zilikuwa bei ya uhuru wa kubadili nia, na kati ya Agosti na Oktoba bei hiyo ni halali. Baba, kwa upande wake, alifanya jambo ambalo watu wengi hushindwa: aliweka saa ya uamuzi mapema, mbele ya wote, na hakusubiri tangazo la bustani. Tangazo la kufunga lilitoka kesho yake, wakati ambao wangekuwa wameshafika jimbo la Georgia au mbele zaidi.

Jaribio la Julai liligharimu tiketi za siku moja na mafuta kidogo. Lilituonyesha kile ambacho Bibi asingekisema kwa heshima yake. Familia yenye mzee au mtoto mdogo, na yenye bustani yoyote karibu, hata kiwanja cha maonesho, naishauri ifanye hivyo kabla ya kulipa chochote.

Desemba nayo ilikuwa na mapungufu yake. Baridi ya asubuhi iliwashtua. Gari la safari liko wazi, na Bibi alilipanda akiwa na koti la Baba juu ya khanga mbili. Wastani wa mchana tuliuangalia, wa alfajiri hatukuuangalia. Zaidi ya hilo, Mkubwa aliumia. Alikosa siku tano za shule na jaribio la hisabati alilolifanya baadaye peke yake, na bembea kubwa alizozisubiri mwaka mzima alipanda mbili tu, kwa sababu kila siku ilikatika mchana. Alimwambia mama yake, bila hasira, "Tulikwenda Disney ya Bibi." Ana haki. Ile siku ya mapumziko Baba angeweza kwenda naye wawili tu, na hakuna aliyelifikiria hilo hadi waliporudi. Kupima kila kitu kwa yule wa kwanza kuchoka kunaweza kumfuta yule asiyechoka.

Bibi aliondoka tarehe 10 kama ilivyopangwa. Sasa mama yake Mama naye ameomba viza, yeye ni wa Mombasa na magoti yake ni mazima, ila macho yamefifia. Mkubwa ameshaandika karatasi mpya, yenye safu ya kila mtu na saa zake, na safu yake ameiweka ya kwanza: saa mbili asubuhi hadi kufungwa. Mwezi bado haujajazwa.